Shokapu za mbele za DT na XL za zamani: springi, emuleta, au kubadili mbele nzima?

Mwenye Yamaha DT175 au Honda XL185 ya zamani akienda gereji yoyote hapa Mwanza kulalamika kwamba mbele kunapiga, atapata ushauri wa aina nne. Fundi wa kwanza atasema weka oili nzito. Wa pili atasema nunua springi. Wa tatu, kijana anayeshinda kwenye video, atamtajia emuleta za Marekani, vali ndogo za kuongezwa ndani ya shokapu. Wa nne atanyoosha kidole ukutani zilikoning'inia shokapu za pikipiki ya Kichina na kusema, "Mzee, toa hayo makongwe tufunge hizi, jioni unaondoka nayo." Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja anatibu ugonjwa wake. Ukichukua dawa ya jirani, hela itaondoka na mikono itaendelea kuuma.

Nazungumzia zaidi zile pikipiki ndefu za miaka ya 1970 na 1980, zenye tairi ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, ambazo tulizoea kuwaona nazo mabwana shamba, mapadri wa parokia za vijijini na watu wa miradi. Lakini mwenye Honda CG125, iliyoanza kutoka mwaka 1976, asifunge ukurasa. Shokapu yake ni fupi na nyembamba zaidi, ila ndani mpangilio ni uleule, na uamuzi unapitia njia ileile.

Kilichomo ndani

Shokapu ya mbele ya mirija miwili yenye oili ndani haikuanza jana. BMW waliiweka kwenye pikipiki ya kuuzwa madukani, R12, mwaka 1935, na hadi leo Boxer na TVS zinazopita Kenyatta Road zinatumia wazo hilohilo. Juu kuna mrija wa chuma uliopakwa kromu, chini kuna mguu wa aluminiamu. Mrija unazama ndani ya mguu, springi ndefu inausukuma urudi juu, na oili inapunguza kasi ya kwenda na kurudi.

Oili hiyo inapunguzaje kasi? Ndani ya mguu kuna fimbo ya chuma iliyo wazi katikati, imefungwa kwa boliti inayopita chini. Fimbo ina matundu machache. Shokapu ikizama, oili inalazimika kupita kwenye matundu hayo, basi. Hakuna vali ya kufunguka na kufunga kadiri ya hali ya barabara. Na tundu lisilobadilika lina tabia moja inayoeleza karibu malalamiko yote tunayoyasikia: ukizidisha kasi ya oili mara mbili, ukinzani unapanda karibu mara nne.

Sasa fikiria safari ya kutoka mjini kwenda Magu. Unafunga breki taratibu nyuma ya daladala pale Igoma: mrija unazama polepole, oili inapita bila kikwazo, pua ya pikipiki inaanguka chini. Dakika chache baadaye unakuta rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana barabarani, ukiwa kilomita 60 kwa saa. Hapo mrija unataka kuzama kwa ghafla, oili haiwezi kupenya kwa kasi hiyo, na kwa sekunde ndogo shokapu inakuwa kama gongo la chuma. Kishindo chote kinaenda kwenye viganja. Ni pikipiki hiyohiyo, laini mno kwenye breki na ngumu mno kwenye rasta. Ukishaelewa hilo, utajua kwa nini mafundi wale wanne hawapatani.

Kabla ya kununua chochote

Shokapu nyingi za pikipiki hizi hazijawahi kubadilishwa oili tangu ziingie nchini. Kinachotoka ukifungua boliti ya chini ni ujiuji wa kijivu wenye harufu mbaya, na mara nyingine hautoki hata nusu ya kiasi kinachotakiwa. Kwa hiyo chaguo la kwanza kulinganishwa na mengine yote ni kuifufua ile uliyonayo: sili mpya za oili, mpira mpya wa kuzuia vumbi, oili safi kwa kipimo sahihi, na ukaguzi wa kweli.

Ukaguzi una mambo matatu. Inua tairi ya mbele juu ya kreti, shika miguu ya shokapu, vuta mbele na nyuma. Kama kuna mchezo unaogonga, huenda tatizo lako ni beringi za stelingi, si shokapu. Beringi za gololi zilizokula njia yake zinatoa kishindo kinachofanana kabisa na cha shokapu mbovu, na kuna watu wamenunua shokapu nzima kwa ajili yake. Pili, toa mirija na uiviringishe juu ya kioo cha dirisha. Uliopinda utaonekana, na mwanga utapita chini yake. Tatu, pima urefu wa springi ikiwa imelala mezani bila mzigo, ulinganishe na kiwango cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu cha huduma cha pikipiki hiyo. Springi ya miaka 40 huwa imefupika.

Halafu angalia kromu. Hapa Mwanza ziwa halina chumvi, kwa hiyo kutu yetu si ile inayokula vyuma vya Tanga au Dar es Salaam. Mirija yetu huuliwa na mchanga. Miamba hii inayolipa jiji sura yake ni granaiti, na ikisagika inatoa chembe za kwatzi zilizo ngumu kupita chuma cha kawaida. Chembe ikinasa kwenye mdomo wa sili, kila shokapu inapozama inachora mstari. Sili ikishakatwa, oili inavuja, vumbi linashika kwenye oili, na mambo yanakwenda mbio. Mipira mirefu yenye mikunjo inayofunika mrija mzima, ile iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, haikuwa pambo. Irudishe. Toboa matundu madogo upande wa nyuma chini ili maji yatoke, maana maji yakituama humo ndipo kutu inapoanzia.

Kama mirija iko wima, kromu ni nzima pale sili inapopita, na springi haijafupika kupita kiasi, fufua tu, uendeshe mwezi mmoja, halafu ndipo uamue kama unahitaji zaidi. Wengi hawatahitaji.

Oili nzito: dawa ya bei ndogo yenye madhara

Ushauri huu hutolewa kila mahali kwa sababu ni rahisi, na una ukweli wake. Oili nzito inapunguza kuanguka kwa pua wakati wa breki na inatuliza pikipiki inayodundadunda. Anayekaa mjini, anayetoka Kirumba kwenda Capri Point na kurudi kwa mwendo wa foleni, anaweza kutoka oili ya 10 kwenda ya 15 na kuridhika.

Kwenye rasta, hata hivyo, umeongeza tatizo. Matundu ni yaleyale, oili sasa ni nzito zaidi, kishindo kinakua. Kwenye barabara za vumbi zilizopata mikunjo kama bati, zile za Ukerewe au ndani ya Misungwi, kuna ubaya wa pili usioonekana haraka. Shokapu inazama kwenye mkunjo wa kwanza, oili nzito inaichelewesha kurudi, mkunjo wa pili unaikuta bado iko nusu, wa tatu unaikuta chini zaidi. Baada ya mita chache unaendesha kwenye sentimita mbili za mwisho za springi, na mbele kunaanza kutangatanga. Mwendeshaji anadhani springi ni laini. Kumbe shokapu haipewi nafasi ya kurudi juu.

Namba zilizoandikwa kwenye chupa za oili ya shokapu pia hazifanani kutoka kampuni hadi kampuni. Oili ya 10 ya huyu inaweza kuwa nyepesi kuliko ya 7.5 ya yule. Kipimo cha kuaminika ni kile cha senti-stoksi, kinachoonyesha uzito wa oili inapotiririka, kwa joto la nyuzi 40. Oili ya gia za otomatiki ya magari, ile nyekundu inayopatikana kila duka la spea hapa, kwa kawaida iko kwenye senti-stoksi 30 na kitu, yaani karibu na oili ya shokapu ya 10. Wazee wameitumia kwa miaka na haina kosa. Oili ya injini ya 40, ambayo nayo nimeona ikimiminwa humo, ni nzito mno.

Ujanja mzuri zaidi wa oili uko kwenye kimo chake. Toa springi, zamisha mrija mpaka chini, pima kutoka mdomo wa mrija hadi uso wa oili. Nafasi hiyo ya hewa nayo ni springi: shokapu ikizama, hewa inabanwa, na mwishoni inakuwa ngumu sana. Ukipandisha oili kwa milimita 10, mwanzo wa safari haubadiliki sana lakini mwisho unakaza, na ile sauti ya chuma kugonga chuma unapoingia kwenye shimo inapungua. Pandisha kidogo kidogo, na pande zote mbili zilingane. Ukizidisha, hewa inakosa pa kwenda na sili zinatoka.

Baadhi ya pikipiki za mwanzo wa miaka ya 1980 zina vali ya upepo juu ya kila mrija. Kama yako inazo, usimpe kijana wa kujaza upepo matairi. Shokapu ina hewa kidogo sana, na kompresa inaijaza kupita kiasi kabla hujasema basi.

Springi: hapa ndipo pesa nyingi zinapofaa kwenda

Pikipiki hizi nyingi zilitoka kiwandani na springi laini. Tunazitumia kwa kazi nzito kuliko ilivyokusudiwa, na kwa mwendo mkubwa zaidi wa lami. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, anayekwenda Sengerema au Geita hasimami tena kungoja kivuko cha Kigongo. Anapita moja kwa moja, na breki za dharura za mwendo wa lami ndizo zinazofichua springi laini.

Pima badala ya kubahatisha. Funga uzi wa plastiki kwenye mrija, karibu na mpira wa vumbi. Mtu mmoja ainue stelingi mpaka shokapu inyooke yote, usukume uzi ushuke. Kisha panda taratibu ukiwa na nguo na vitu unavyoendeshea kila siku, shuka, upime uzi umepanda kiasi gani. Kama mwendo wote wa shokapu ni milimita 150, unataka iwe imezama 45 hadi 50, yaani karibu theluthi. Ikiwa imezama 65 au 70 ukiwa peke yako, springi imechoka au haikufai.

Hapo mafundi wengi hukata kipande cha bomba la maji la plastiki na kukiweka juu ya springi ili kuikaza. Bomba hilo halifanyi springi kuwa ngumu. Linainua mbele tu. Springi ya kilo 0.4 kwa milimita, yaani inayotaka kilo 0.4 kwa kila milimita inayobanwa, inabaki kilo 0.4 kwa milimita hata ukiibana vipi. Utapata kimo kizuri ukiwa umesimama, na ukifunga breki itazama kwa kasi ileile. Bomba lina kazi yake halali, kurekebisha kimo kwa milimita 10 hadi 20. Zaidi ya hapo unadanganya springi isiyofaa.

Ugumu wenyewe unatoka kwenye unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko. Waya ukinenepa kidogo tu, ugumu unaruka sana, kwa kuwa ugumu unafuata kipeo cha nne cha unene. Mizunguko ikipungua, ugumu unapanda. Ndiyo maana ujanja wa kukata springi, ambao watu wa vitabu huucheka, una hesabu nyuma yake: springi yenye mizunguko 50 ukiikata 5 inakuwa ngumu kwa asilimia 11 hivi. Urefu ulioondoka unarudishwa kwa bomba la chuma au plastiki ngumu. Masharti ni mawili. Usikate kwa moto, maana chuma kilichopashwa kinapoteza ukakamavu wake. Tumia jiwe la kukatia huku ukipoza kwa maji, na mwisho uliokatwa ukae juu, penye washa bapa. Pia hakikisha springi iliyobaki haijishikanishi kabla shokapu haijafika mwisho wa safari yake. Kama mizunguko inagusana mapema, mwendo umeisha na kitakachofuata kitavunjika.

Kwa anayeweza kuagiza, springi mpya za pikipiki hizi bado zinatengenezwa. Hagon wa Uingereza na Wirth wa Ujerumani wana orodha ndefu za pikipiki za zamani, na YSS wa Thailand nao wamo kwenye soko hilo. Jozi moja nje huwa dola 100 na kitu, bila usafiri wala ushuru. Utakutana na aina mbili. Moja ina mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine: inaanza laini, inakaza mwishoni. Nyingine imelingana mwanzo hadi mwisho. Matangazo husifu ya kwanza. Mimi nachagua ya pili, kwa sababu ile sehemu laini huliwa yote na breki, na ukifika kwenye shimo huku umeshika breki huna mwendo uliobaki. Anayebeba mtu leo na kesho yuko peke yake, huyo naelewa akichukua ya kwanza.

Kuhusu kubeba mzigo, kuna jambo linalopotosha watu wengi. Gunia la mpunga likikaa kwenye keria ya nyuma halilemei shokapu za mbele. Linazipunguzia uzito. Nyuma inakaa, mbele inanyanyuka, miguu inalala zaidi kwenda mbele, na stelingi inakuwa nyepesi na yenye kutangatanga. Kama malalamiko yako yanakuja pale tu unapokuwa umepakia, usinunue chochote cha mbele. Tatizo liko nyuma.

Emuleta: kwa barabara mbaya na mwendo wa kweli

Hii ndiyo dawa ya kasoro ya matundu niliyoeleza mwanzo. Ni vali ndogo ya duara, inakaa juu ya ile fimbo ya ndani, na springi kuu inaishikilia mahali pake. Race Tech wa California ndio waliolifanya jina lake lijulikane. Ndani ina sahani inayobanwa na springi ndogo. Oili ikija polepole, kama wakati wa breki, inapita kwenye vitundu vidogo tu, na pua haianguki hovyo. Ikija kwa kishindo, kama kwenye rasta, sahani inainuka na kufungua njia pana. Kwa hiyo pikipiki inakuwa ngumu pale inapotakiwa na laini pale inapotakiwa, jambo ambalo hakuna oili wala springi inayoweza kulifanya peke yake.

Gharama yake si bei ya dukani pekee, ambayo huko Marekani huzunguka dola 200 kwa jozi. Fimbo ya ndani lazima itobolewe matundu makubwa, kwa kawaida sita ya milimita 8, ili yasizuie tena oili na kazi yote iachiwe vali. Usipotoboa, umenunua vali isiyofanya kazi. Ukitoboa, fimbo hiyo haiwezi kurudi kwenye hali ya kiwandani. Kwa pikipiki nadra, tafuta fimbo nyingine ya mtumba ndiyo uitoboe. Na emuleta inaongeza kimo juu ya fimbo, hivyo bomba la juu ya springi linafupishwa kwa kiasi hichohicho.

Kuna mambo mawili ambayo emuleta haifanyi. Haiponyi springi laini. Ukiifunga juu ya springi iliyochoka utakuwa na vali nzuri ndani ya shokapu iliyozama. Na haigusi mwendo wa kurudi juu, ambao bado unaamuliwa na uzito wa oili. Kwa hiyo emuleta inakuja baada ya springi, kamwe si badala yake. Urekebishaji wake ni boliti moja ndogo: ukiikaza, sahani inachelewa kufunguka. Kila marekebisho yanataka ufungue shokapu juu na kuvua vali kwa waya, kwa hiyo anza na mizunguko michache inayopendekezwa na mtengenezaji, na uwe na subira.

Kipenyo cha ndani cha mrija ndicho kinachoamua kama ipo ya kukufaa. Shokapu nyembamba za CG na pikipiki nyingine ndogo mara nyingi hazina saizi yake. Pima kwa kalipa kabla ya kulipa.

Nani anaihitaji kweli? Anayeendesha peke yake kwa mwendo, kwenye mchanganyiko wa lami yenye rasta na njia za mawe. Daktari wa mifugo anayezunguka Kwimba kila wiki angeiona tofauti siku ya kwanza. Anayekwenda kanisani na sokoni, hata kama anaipenda pikipiki yake kama mtoto, pesa hiyo aiweke kwenye matairi.

Kubadili mbele nzima

Tukirudi kwa yule fundi wa nne, hoja yake kubwa ni ya spea. Shokapu za Kichina na za Kihindi zina sili, mirija na miguu katika kila duka, na ukipiga jiwe leo kesho uko barabarani. Pamoja nazo unaweza kupata breki ya diski, ambayo kwa aliyezoea dramu ya XL ni hatua kubwa. Na kama mirija yako imeliwa na kutu pale sili inapopita, huku huna njia ya kupata mingine, hoja hii inakuwa nzito kuliko zote zilizotangulia.

Linalofichwa ni kazi iliyo katikati. Shokapu za pikipiki nyingine zina umbali tofauti kati yake, kwa hiyo zinakuja na mabamba yake mawili ya kuzishika, na mabamba hayo yana mhimili wa stelingi wenye urefu na unene wake. Ama upate beringi za kuunganisha saizi mbili tofauti, ama fundi wa kukereza atoe mhimili wa zamani na kuusukuma kwenye bamba jipya kwa presi. Kazi hiyo si ya kuchomelea. Mhimili wa stelingi uliochomelewa na mtu asiye mzoefu ni kitu ambacho sitapanda, hata kwa kusukumwa. Baada ya hapo kuna vizuizi vya stelingi, maana bila hivyo mirija itatoboa tangi siku utakapokata kona kali. Kuna kebo ya spidi, ekseli, na kukaza rimu ikae katikati.

Na kuna urefu. Shokapu za Boxer au TVS zimetengenezwa kwa tairi ndogo na pikipiki fupi. Ukizifunga kwenye DT, mbele inashuka. Kila milimita 25 unayoshusha inasimamisha pembe ya stelingi kwa karibu digrii moja, na umbali unaoifanya tairi ijinyooshe yenyewe unapungua kwa milimita 6 au 7. Ushushe sentimita saba na utakuwa na pikipiki ya kupindapinda mjini, yenye kutikisika kichwa kwenye luseni, udongo wa kichanga wa huku Usukumani. Kama ni lazima ubadili, tafuta shokapu za pikipiki ya Kichina ya aina ileile, zile za cc 200 zenye tairi ya inchi 21. Urefu wake unakaribia, rimu yako inaweza kubaki, na tairi zinapatikana. Au shokapu za mtumba za Kijapani za pikipiki kama yako ya miaka michache baadaye, ambazo mara nyingi zina mirija minene zaidi. Mrija mnene haupindi kirahisi ukifunga breki ndani ya kona, na hilo ni faida unayoihisi.

Thamani nayo inaguswa. DT yenye mbele yake ya asili ina wanunuzi wanaoitafuta. Yenye mbele ya pikipiki ya mizigo inauzwa kwa bei ya mizigo. Usitupe za zamani. Zifunge kwenye gunia na oili, uziweke juu ya dari.

Ningemwambia nini anayeuliza leo

Mirija mizima, matumizi ya mjini: fufua, oili nyekundu ya gia za otomatiki au oili ya shokapu ya 10, pandisha kimo cha oili milimita 10 kama inagonga chini, na uishie hapo. Mirija mizima, mwendo wa lami na breki nyingi: springi zilizolingana, kwa kuagiza au kwa kukata kwa hesabu. Mirija mizima, barabara mbaya kila siku, na pesa ipo: springi kwanza, emuleta zifuate miezi michache baadaye, usizifunge kwa siku moja, maana hutajua kilichobadilika kimetokana na kipi. Mirija imekufa: bei ya mirija mipya kutoka nje ilinganishwe na bei ya mbele nzima ya cc 200 pamoja na kazi ya kukereza, si bei ya shokapu peke yake kama zilivyotundikwa ukutani. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko fundi anavyodai, na hapo mirija inashinda.

Vyovyote utakavyochagua, siku ya kufunga usikaze boliti za kubana ekseli mapema. Kaza nati ya ekseli, shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele, sukuma stelingi chini mara kadhaa mpaka miguu ijipange yenyewe, ndipo ukaze upande wa kubana. Miguu iliyofungwa ikiwa imejikunja kwa nusu milimita inakwama, na shokapu inayokwama inapiga viganja kama ile mbovu uliyoitoa.